Nembo Kwanza, Maji Baadaye

Babati ni mji wa mabango. Sisemi kwa chuki, nakaa hapa na pengine nitazikwa hapa. Lakini tangu Mkoa wa Manyara umegwe kutoka Arusha mwaka 2002 na sisi tukapewa makao makuu, kila anayekuja kuanzisha jambo anaanza na bango, na bango linaanza na nembo. Ofisi haina viti, nembo ipo. Mradi hauna pikipiki, nembo ipo. Kuna shule moja, siitaji jina, ina choo cha matundu manne na bango lenye nembo sita. Nimejaribu kuwagawanya wafadhili kwa matundu, wawili wanabaki nje wakisubiri zamu.

Haya nilikuwa nimeyazoea. Kilichonitoa jasho safari hii ni kwamba nembo imeshuka kwenye bango ikaingia kwenye hesabu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa nyanya na vitunguu, upande wa pili wa Ziwa Babati. Ukatibu wenyewe nilipewa kwa sababu nina laptopu. Bustani zetu haziko ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata isingesema, viboko wa ziwa lile wana sheria yao, tena hawampeleki mtu mahakamani. Basi sisi tuko juu, maji yako chini, na katikati kuna pampu ya petroli na bomba refu. Kila msimu wa kiangazi tunavuna nyanya, tunauza nyanya, na fedha ya nyanya tunairudisha kituo cha mafuta.

Likizo iliyopita mpwa wangu, anayesomea uhandisi, alikuja kutusalimia. Alishinda siku nzima bustanini akitembea na kamba ya kupimia, jioni akaniambia, "Mjomba, petroli yenu haipandishi maji. Inasugua bomba."

Nikamwambia aeleze kama anaongea na mjomba wake, si kama anafanya mtihani.

"Bomba lenu ni jembamba. Nguvu nyingi ya pampu inaishia kwenye msuguano. Subiri nikuonyeshe."

Akafungua MATLAB. Kwa asiyeijua, hii ni programu ya hesabu iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na profesa wa Marekani, Cleve Moler, ili wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha New Mexico wapige hesabu za matriki bila kuandika Fortran. Mwaka 1984 Moler, Jack Little na Steve Bangert wakaifanya biashara, wakaanzisha kampuni ya MathWorks. Leo wahandisi wanaitumia kwenye ndege, rada na injini za magari. Mpwa wangu akaitumia kwenye nyanya.

Alitengeneza dirisha moja safi. Kushoto visanduku vya kujaza: urefu wa bomba, kipenyo, kimo cha kupandisha, kiasi cha maji. Kulia sehemu ya majibu. Chini batani moja kubwa: PIGA HESABU. Ndani yake aliweka kanuni ya Hazen na Williams, Wamarekani wawili walioitengeneza zaidi ya miaka mia moja iliyopita na ambayo mafundi wa maji bado wanaitegemea. Nikajaza bomba letu la inchi mbili, nikabonyeza. Nikafuta, nikajaza inchi tatu, nikabonyeza tena. Kwa maji yaleyale na urefu uleule, nguvu inayopotea kwa msuguano ilishuka karibu mara saba.

Mara saba, msomaji. Mtu anaongeza inchi moja tu ya bomba. Nilikaa pale nikaitazama namba ile kwa upendo ambao mke wangu aliuona na hakuufurahia.

Nikaipeleka kwenye kamati. Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima, mstaafu, anapenda mambo yaende kwa utaratibu. Alivaa miwani, akasogeza laptopu karibu, akaitazama kwa muda mrefu. Nilidhani anasoma namba.

"Katibu," akasema, "nembo yetu iko wapi?"

"Mzee Mwenyekiti, tazama kwanza hapa kwenye inchi tatu..."

"Nimeona. Lakini mtu akifungua hii atajuaje kwamba ni yetu?"

Mama Mhazini akatikisa kichwa kumuunga mkono. Mjumbe wa tatu akauliza kama inaweza kuwekwa pande zote mbili, kushoto na kulia, kama kwenye barua. Kikao kikafungwa kwa azimio moja: programu ni nzuri, iwekwe nembo, halafu tutaijadili.

Sasa lazima niwaeleze nembo yenyewe. Ina Mlima Kwaraa kwa nyuma. Ina ziwa. Ziwani kuna kiboko. Kulia kuna hindi, kushoto tawi la mbaazi, katikati nyanya, chini jembe, chini ya jembe mikono miwili inayosalimiana, na kuzunguka vyote hivyo kaulimbiu ya maneno tisa. Fundi wa mabango aliyeichora, kijana mwenye kibanda jirani na stendi, aliomba kwa adabu wapunguze angalau viwili. Mwenyekiti akamfundisha uraia. Tazama nembo ya taifa, akamwambia: kuna bibi na bwana, pembe za ndovu, Mlima Kilimanjaro, karafuu, pamba, mwenge, mkuki, shoka, jembe, mawimbi ya maji, na bado kuna nafasi ya Uhuru na Umoja. Imekaa vizuri, haikumshinda aliyeichora.

Haikumshinda, ni kweli. Ila mwaka 2017 tulimwona kwenye magazeti mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, anayetajwa kuwa ndiye mchoraji wa nembo hiyo, japo wapo wanaomtaja msanii mwingine. Alikuwa mgonjwa na fukara huko Buguruni, Dar es Salaam, na mwaka huohuo akafariki. Nembo iko kwenye barua za serikali na kwenye pasipoti, na anayetajwa kuichora hakuwa na kitu. Ndiyo maana fundi wetu wa stendi nilimwelewa kabisa aliponinyima faili halisi. Kikundi kilimlipa nusu, nusu ya pili ikawa ya kesho. Faili analo kwenye programu ya kuchorea ya Corel, nembo inaelea peke yake bila ukuta nyuma yake, safi kabisa. Akanionyesha kwa mbali, akaifunga.

"Mwambie mzee anikamilishie, nakutumia saa hiyohiyo," akasema.

Nikamwambia mzee. Mzee akasema kijana hana uzalendo, na nembo tunazo nyingi tu. Akaanza kunitumia. Ya kwanza ilikuwa picha ya kichwa cha barua, kivuli cha simu yake kimelala juu ya kiboko. Ya pili ilipigwa kwenye fulana, na fulana ilikuwa na mtu ndani. Ya tatu ilikuja kwa WhatsApp baada ya kupita kwa watu wengi, kila mkono umeipunguza kidogo, mpaka nyanya ikawa doa. Ya nne ilikuwa ndani ya faili la Word, chini ya muhuri. Kila nilipoomba atume kama dokumenti na si kama picha, alinitumia dokumenti iliyobeba picha ileile.

Mwishowe Mama Mhazini, bila kelele, akatoa nusu ya pili mfukoni mwake. Faili likaja. Huyu mama ndiye angefaa kuwa mwenyekiti, lakini hilo si la kuandika gazetini.

Hapo nikadhani kazi imeisha. Kumbe MATLAB nayo ina maoni yake kuhusu nembo.

Mpwa wangu alilitengeneza lile dirisha kwa kifaa cha zamani cha MATLAB kiitwacho GUIDE, maana toleo alilokuwa nalo lilikuwa la zamani. GUIDE kina batani, visanduku vya kuandikia, vitelezi, orodha za kuchagua. Sehemu ya kuweka picha hakina. Programu inayopiga hesabu za rada haina msumari wa kutundikia picha. Inakubidi uchukue kisanduku kilichokusudiwa kuchorea grafu, uidanganye programu kwamba kiboko ni grafu. Walipoleta kifaa kipya, App Designer, mwaka 2016, napo picha ilisubiri kupewa sehemu yake hadi 2019. Na GUIDE chenyewe wamekwishakiondoa kwenye matoleo ya kuanzia 2025, kwa hiyo mwenye dirisha la zamani anayetaka kulirekebisha ahame. Watu wa MathWorks huko Massachusetts hawajawahi kukaa kikao na mwenyekiti wetu, vinginevyo sehemu ya nembo ingekuwa ya kwanza kutengenezwa na batani zingefuata.

Mpwa alikuwa amerudi chuoni, tukafanya kazi kwa simu. Amri ya kwanza inaitwa imread. Inaisoma picha na kuigeuza jedwali la namba: kila kidoti kinapewa namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubuluu, kila moja kati ya 0 na 255. Jambo hili lilinifariji kidogo. Kwa mara ya kwanza nembo yetu ilikuwa na hesabu ndani yake.

Kiboko alipotokea mara ya kwanza alikuwa amezungukwa na rula. Kwa kuwa kisanduku ni cha grafu, MATLAB iliweka namba pembeni: sifuri, mia, mia mbili, mia tatu, chini na ubavuni. Mama Mhazini aliuliza kama ni uzito wake. Rula zikaondolewa kwa amri ya axis off. Akabaki kiboko aliyevutwa kwa upana, maana kisanduku kilikuwa kipana na nembo ni duara. Mlima Kwaraa ukawa kichuguu, kiboko akawa mamba. Hilo nalo lina amri yake, axis image, inayomrudishia kila mmoja kimo chake.

Halafu akageuka chali. Grafu huanza kuhesabu chini kwenda juu, picha huhesabiwa kuanzia juu kushuka chini. Ukichanganya hizo mbili, ziwa linakuwa mbinguni. Niliufunga ule ukurasa haraka, lakini mjumbe wa tatu alikuwa ameshauona. Ikabidi kikao kizima kijadili kama kiboko chali kwenye nembo ya kikundi kinachotegemea maji ni dalili ya ukame. Wazee wawili walisema ni dalili. Mmoja alisema ni kompyuta. Tulipiga kura.

Alipogeuzwa akakaa sawa, usiku ukaingia. Lile eneo la nembo lisilo na rangi, ambalo fundi wa stendi aliliacha wazi kwa ustadi wake wote, MATLAB ikalipaka jeusi ti. Picha za aina ile hubeba tabaka la nne linaloeleza wapi paonekane na wapi pasionekane. Imread hulitoa ukiliomba kwa jina, usipoliomba inanyamaza na kukupa giza. Mpwa aliliomba. Kukapambazuka.

Katika pilikapilika hizo mwenyekiti aliiona nembo ya MATLAB yenyewe, lile umbo la rangi ya moto linaloinuka kama limepulizwa kutoka chini. Akauliza ni nini. Nikamweleza nilivyoelezwa: ni utando wenye umbo la herufi L, jinsi unavyotikisika ukipigwa, na Moler aliufanyia kazi kwenye tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1965. Yaani nembo yao ni jibu la hesabu, haikuchorwa kwa mkono. Nikaongeza, kwa kosa la kupenda kusimulia, kwamba nembo hiyo haifuati hesabu yake mpaka mwisho. Kwenye kingo utando ulipaswa kulala kabisa kwenye sifuri, nao haulali. Wenyewe wanalijua hilo na wameliacha.

Mzee akavua miwani, akafurahi kuliko nilivyowahi kumwona.

"Kumbe hata wao, nembo kwanza."

Tangu siku hiyo sina hoja.

Uzinduzi ukapangwa. Ndiyo, uzinduzi, wa dirisha moja lenye batani moja. Mgeni rasmi akaalikwa, projekta ikaazimwa, fulana zikachapishwa. Programu ikatakiwa ifunguke kwenye laptopu ya mwenyekiti, ambayo haina MATLAB. Mpwa akaifungasha iwe programu ya kujitegemea, inayohitaji kitu kimoja tu kiitwacho MATLAB Runtime. Kinatolewa bure. Kupakuliwa sasa, gigabaiti kadhaa! Bure ya namna hii Mtanzania anaijua: kitu ni bure, bando ni lako. Tena lazima kiwe cha toleo lilelile lililotumika kuifungasha programu. Ukipakua cha mwaka mwingine umechangia tu kampuni ya simu.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa fulana. Mgeni rasmi amekaa, mwenyekiti kashika kipanya kama anakata utepe. Akabofya. Tukasubiri. Kikatokea kidirisha kidogo cha maneno ya Kiingereza, na baada ya hapo hakikutokea kitu. Akabofya tena. Kidirisha kilekile. Nikakisoma: faili la nembo halipo.

Msomaji, elewa ubaya wa jambo hili. Hesabu zilikuwa salama. Hazen alikuwepo, Williams alikuwepo. Lakini amri ya kuleta picha iliwekwa mlangoni, ndiyo ya kwanza kutekelezwa dirisha linapofunguka, na ilikuwa imeambiwa nembo iko kwenye Desktop ya mpwa wangu, ndani ya folda yenye jina lake, kwenye laptopu yake, mkoa mwingine. Ilipoikosa ikaghairi safari nzima. Maji yasipande kwa sababu kiboko hayupo.

Nikatoka nje kupiga simu. "Shikamoo mjomba." Marahaba, nembo haionekani. Kijana akafikiri kidogo. "Mjomba, fungua C ya laptopu ya mwenyekiti, ingia Users, tengeneza folda yenye jina langu, ndani yake Desktop, weka nembo humo. Programu itadhani iko kwangu."

Nikarudi, nikainama mbele ya mgeni rasmi na ukumbi mzima, projekta ikinionyesha ukutani kwa ukubwa wa nyumba, nikaanza kuandika jina la mpwa wangu ndani ya kompyuta ya mwenyekiti.

"Katibu," mzee akaninong'oneza, "unamwandikisha nani kwenye laptopu yangu?"

"Ni mambo ya njia, mzee."

"Baada ya hapa atatoka?"

"Akitoka, na nembo inatoka."

Akaacha. Kiboko akatokea ukutani, rangi zake zote, miguu chini, mchana kweupe. Ukumbi ukalipuka makofi. Mgeni rasmi akasimama kupiga picha na nembo. Kamati ikapiga picha na mgeni rasmi na nembo. Kisha akauliza swali la busara kuliko yote yaliyoulizwa tangu jambo hili lianze: "Na hii programu inafanya nini?" Mwenyekiti akafungua kinywa ajibu, wapishi wakaja kusema pilau imeiva. Batani ya PIGA HESABU haikuguswa.

Baadaye mpwa alituma toleo lililonyooka. Picha imefungashwa humohumo ndani ya programu, tena ameizungushia maelekezo ya kiungwana: jaribu kuleta nembo, ukishindwa endelea na kazi. Nilifurahi. Nikampelekea mwenyekiti, akaisikiliza kwa makini, akaikataa. Alisema programu inayoweza kufunguka bila nembo, watu wataiba. Kwa hiyo mpaka leo tunatumia ile ya zamani, na mpwa wangu bado ana folda kwenye kompyuta ya mtu ambaye hajawahi kuonana naye.

Mnataka kujua kuhusu bomba. Fungu la bomba la inchi tatu lilikuwepo kwenye bajeti, nililiandika mimi kwa mkono wangu. Likapunguzwa kwa ajili ya fulana, likapunguzwa tena kwa ajili ya pilau, na kilichobaki kikatosha kununua bomba jipya la inchi mbili. Jipya kabisa, linang'aa, lina nembo kila baada ya mita kumi. Petroli inakwenda kama zamani.

Programu ninayo kwenye flashi. Anayelima maeneo ya Babati na anatumia pampu, aje nyumbani na vipimo vyake: urefu wa bomba, kipenyo, kimo cha shamba kutoka majini na maji anayoyataka. Nitampigia hesabu bure, asubuhi kabla jua halijawa kali. Nembo aiache kwake.